Kinga ya dola: kwa nini madai ya wahanga hukwama mlangoni?

Swali
Wakuu, mateso na mauaji ya raia yamekatazwa na kanuni ambazo hakuna dola inayoruhusiwa kuzivunja. Iweje basi mahakama za nchi nyingine zikatae kusikiliza madai ya fidia dhidi ya dola iliyoyatenda?

Jibu 1
Hoja hiyo Italia iliitoa mbele ya ICJ (Mahakama ya Kimataifa ya Haki) iliposhtakiwa na Ujerumani kwa kuruhusu madai ya wahanga wa uhalifu wa Wanazi, ikashindwa tarehe 3 Februari 2012 kwa kura 12 dhidi ya 3. Mahakama ilisema hakuna mgongano: katazo linahusu tendo, kinga (dola kutoshtakiwa katika mahakama za nchi nyingine) inahusu nani ana mamlaka ya kusikiliza. Ndiyo maana kinga huamuliwa kama pingamizi la awali, ushahidi haujaguswa, na uzito wa uovu hausaidii kitu. Kwangu hilo ni dhuluma. Haki isiyo na mahakama ya kuidai inabaki jina tu.

Jibu 2
Na ukishinda bado kuna kukaza hukumu, yaani kuitekeleza ili ulipwe. Huko Distomo, Ugiriki, watu 218 waliuawa na askari wa Ujerumani tarehe 10 Juni 1944. Mahakama ya Livadia iliwapa ndugu zao fidia mwaka 1997, ila sheria ya Ugiriki inataka kibali cha waziri wa sheria kabla ya kukamata mali ya dola ya kigeni, na hakikutolewa. Wadai wakaenda Italia, wakaandikisha rehani juu ya Villa Vigoni, jumba la Ujerumani karibu na Ziwa Como. ICJ ikaikataa nayo: ni kituo cha utamaduni, si mali ya biashara. Kwa hiyo kabla ya kufungua shauri, tafuta kwanza mali ya kibiashara. Akaunti za ubalozi usizihesabu.

Jibu 3
Mkuu, jinai ina njia pana kidogo, maana unamshtaki mtu. Akiwa bado rais au waziri wa mambo ya nje, mahakama za nchi nyingine hazimgusi (kesi ya Yerodia, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, ICJ 2002). Akishaondoka, kinga inabaki kwa matendo ya kiofisi tu, na kwa mateso Pinochet, rais wa zamani wa Chile, aliikosa London mwaka 1999. Ila angalia tarehe: mashtaka mengi yalianguka kwa sababu mateso ya nje ya nchi yalikuwa kosa katika sheria ya Uingereza kuanzia Septemba 1988 tu, na mkataba dhidi ya mateso iliuridhia Desemba mwaka huo; matendo ya kabla ya hapo hayakuhesabiwa. Linganisha tarehe ya kila shtaka na tarehe ya sheria na ya kuridhia ya kila nchi inayohusika.

Muuliza swali
Asanteni. Italia ilitii hukumu ya 2012?

Jibu 1
Bunge lilitii kwa kutunga sheria ya kuzitaka mahakama zifuate hukumu hiyo. Mahakama yake ya Katiba ikaifuta sheria hiyo mwaka 2014, kwa hoja kwamba inawanyima wahanga haki ya kusikilizwa. Madai yakarudi, na mwaka 2022 serikali ikaunda mfuko wa kuwalipa wahanga kwa fedha za Italia yenyewe.