Kupanda Mlima Moroto, nani ameshafika?

Mtoto_wa_Mbale: Habari zenu wandugu. Mimi na wenzangu wawili tunataka kupanda Mlima Moroto, kule Karamoja kaskazini mashariki mwa Uganda, mwezi wa kwanza. Mama anakataa kabisa, anasema kule juu kuna mizimu na isitoshe kuna bunduki. Mwenye amefika aniambie, maji yapo njiani? Na hizo stori za mizimu mnazichukuliaje?

Afande_mstaafu: Kijana, nilikaa Moroto miaka sita, huo mlima ndio nilikuwa naamka nauona. Ni mita 3,083, volkano ya zamani sana imemomonyoka ndio maana mawe yamekatika vile, chini miiba na jua la kuchoma ila ukipanda unaingia msituni na baridi inakushika kweli, beba sweta. Mwezi wa kwanza ni kiangazi, mito ni mchanga mtupu, kila mtu abebe maji yake na hata zaidi. Usalama, kaulize polisi na LC (viongozi wa kijiji) asubuhi ile ile mnatoka, habari za wiki jana hazina kazi Karamoja.

Dada_wa_Moroto: Kaka mimi nimezaliwa hapo chini. Huo mlima una wenyewe, ni Watepeth, wanakaa huko juu tangu zamani. Lugha yao ya So imebaki kwa wazee wachachewachache tu na hiyo inaniuma sana. Kuna wazee wanaitwa kenisan, ndio wanaongea na mababu na kuomba mvua, sasa hicho mama anaita mizimu ni babu za watu, mwambie hivyo. Mkifika kijijini msianze kupiga picha, salimieni, kaeni, ombeni njia, halafu tafuteni kijana wa hapo awapeleke na mumlipe vizuri maana njia ni za mbuzi, zinagawanyika kila mahali na hakuna alama hata moja. Jioni waulizeni wazee jina Karamojong, la wafugaji wa huku Karamoja, lilitoka wapi. Watawaambia wale wengine walisonga mbele, wazee wakachoka wakabaki hapa, ila kusikia kwa mdomo wao ni kitu kingine kabisa.

Kidepo_boy: Mkipata siku zaidi pandeni na Morungole kule Kaabong kwa Waik, kabila dogo la milimani, mita 2,749, mlima wao mtakatifu. Wazee wao watawaeleza bonde la Kidepo lilivyokuwa kwao kabla halijafanywa mbuga ya wanyama 1962.

Mtoto_wa_Mbale: Asanteni sana jamani. Nimemsomea mama yote, amenyamaza, halafu akauliza kama sweta ninayo. Dada, nikifika nisalimie vipi?

Dada_wa_Moroto: Sema "Ejoka", watakujibu "Ejok". Na usiwe na haraka.