Ofisi ghorofa ya tatu, bajaji ya mkopo au uwakala: mwenye mguu mmoja achukue ipi?

Kigutu_wa_Kimara:
Wakuu habari za mchana. Nina miaka 29, niko Kimara, mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Natembea na mguu wa bandia ila nikizidisha kigutu kinavimba narudi kwenye magongo. Nina diploma ya uhasibu. Sasa zimekuja njia tatu kwa mpigo baada ya kukaa miaka miwili bila hata moja. Kuna kampuni Kariakoo wameniita, laki nne na nusu kwa mwezi, ofisi ghorofa ya tatu lifti hakuna. Kuna jamaa wawili walemavu wenzangu tunataka kuchukua mkopo wa halmashauri tununue bajaji. Na shemeji ana fremu tupu barabarani anasema niweke uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Mke anataka mshahara, mama anataka fremu, mimi roho iko kwenye bajaji. Nishaurini, ila msiniambie nimwachie Mungu, hilo nishafanya.

Mzee wa Hesabu:
Mdogo wangu mimi polio ilinipiga mguu wa kushoto, bajaji naendesha mwaka wa saba huu. Kwanza breki ya bajaji inakanyagwa na mguu wa kulia, ambao wewe huna, kwahiyo kabla hujaota abiria tafuta fundi akuhamishie breki ije mkononi, na usidanganyike kwamba wa bandia utakanyaga, ule hausikii pedeli, utajua umechelewa ukishaingia kwenye mtaro. Pili nyie watu watatu bajaji moja mnagawana nini? Mimi niko peke yangu, nampa tajiri mwenye bajaji elfu 20 kwa siku, mafuta juu yangu, siku nzuri nabaki na 15, siku ya mvua nalala na deni.

Kigutu_wa_Kimara:
Duh, hiyo ya breki hakuna aliyeniambia. Hao jamaa wote wana miguu ya kulia 😅

mama_floti:
Uwakala watu wanauona kama kukaa tu kwenye kiti. Mwanangu, floti, yaani salio la kwenye simu, ikikauka saa sita mchana na keshi imejaa droo, nani anaenda kuweka benki? Mimi mzima na nakimbia mara mbili kwa siku. Wewe itabidi umtume mtu na hela, na kwenye kumtuma mtu ndo mawakala wengi tunapolia. Labda mke wako akae hapo fremu, hapo sawa. Halafu mtaji, ukiingia na laki tatu wateja wa kutoa kubwa watakuzoea kwamba huna, hawarudi tena.

AfisaUtumishi_Mstaafu:
Mimi nimeajiri watu miaka 20. Huyu ni mhasibu jamani, mbona mnampeleka kijiweni? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Sikwambii uingie na sheria mkononi kama polisi, ila ujue hawakupi sadaka. Kabla hujasaini waombe meza chini, vitabu vya hesabu havihitaji ghorofa ya tatu, na uombe kuingia saa tatu, kwa sababu basi la mwendokasi mlango uko sawa na sakafu ya kituo, raha tupu, lakini pale Kimara alfajiri kupanda ni vita hata kwa wenye miguu miwili.

Sindano&Uzi:
Kaka wewe una bahati moja, ulemavu wako unaonekana. Mimi nina kifafa. Kazi ya kwanza nilificha, wakanipanga shifti ya usiku, usingizi ukikatika kwangu ndo mlango wa degedege, nikaanguka mbele ya wateja, wiki iliyofuata mkataba ukaisha. Kazi ya pili nikasema ukweli siku ya intavyuu, sikupigiwa tena. Sasa nashona, chereheni ya mguu, nalala saa nne, mwaka huu sijaanguka. Hela ndogo kuliko laki nne na nusu yako lakini usingizi ni wangu.

Pwani254:
Salaam kutoka Mombasa. Huku ukijisajili na lile baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, ukapata na cheti cha KRA, mamlaka yetu ya kodi, mshahara wako hadi shilingi 150,000 za Kenya kwa mwezi hukatwi kodi ya mapato. Bongo mnayo hiyo?

Mzee wa Hesabu:
Pwani254 sisi tuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 ni yetu, haina riba. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na uende na subira yako.

tick_box:
Mwenye diploma usisahau na Ajira Portal, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za serikali, matangazo yao yanasema wenye ulemavu waainishe kwenye mfumo. Ainisha, usione aibu, haulipii kitu, na unaomba huku ukifanya mengine.

Kigutu_wa_Kimara:
Mrejesho. Leo nimeenda Kariakoo kwa miguu yangu, mmoja wa duka mmoja wa mama. Ngazi ni 54 nimezihesabu. Kupanda nilijikaza, kushuka ndo balaa maana wa bandia haujui kipandio kiko wapi, nikashuka kinyumenyume kama mtoto. Meneja aliniona. Nikamwambia ile ya meza chini, akasema kuna kachumba nyuma ya stoo ila kina joto na hakina dirisha, atanijibu Jumatatu. Joto nitaliweza. Fremu mke kakubali kuanza kwa floti ndogo. Hao jamaa wa bajaji wamenuna.

mama_floti:
Mwambie mkeo asimkopeshe shemeji floti hata siku moja. Hata kwa nusu saa.

Mzee wa Hesabu:
Jumatatu meneja akikausha njoo kijiweni ujaribu bajaji yangu, breki nitakukanyagia mimi 😂