Waliowahi kwenda maonyesho ya katuni na kosplei (kuvaa kama wahusika wa katuni): tupeane uzoefu, ulifikaje ukumbini na hayo mavazi?

Mleta uzi (Nairobi)

Wadau, salaam. Kila baada ya NAICCON, Otamatsuri na yale mengine madogo ya Nairobi, picha zinajaa mitandaoni. Watu wamependeza, mawigi yamenyooka, panga zinang'aa. Picha ya saa mbili asubuhi pale stejini, ukiwa umesimama na mabawa mgongoni kati ya mama wa sukuma wiki na kijana wa mayai, hakuna anayeiweka. Hizo ndizo nazitaka hapa. Ulitokaje nyumbani, ulipanda nini, nani alikuuliza nini, na ulipoingia ulikuta nini. Naanza mimi.

Mwaka wangu wa kwanza nilijitengenezea upanga wa futi tano. Nilinunua ile mikeka ya povu ya watoto, ile inayoshikana kama fumbo, nikaikata kwa wembe na kuibandika kwa gundi ya fundi viatu. Jirani alidhani navuta kitu, kwa harufu ile. Siku yenyewe nikafanya kosa ambalo sirudii: nilivaa kila kitu nyumbani, wigi, joho, buti, nikatoka. Mama mwenye nyumba alikuwa anaanika nguo. Akanitazama kutoka juu hadi chini, akachukua kibanio kingine, akasema tu, "Kodi ni tarehe tano."

Kwenye matatu makanga akanisimamisha mlangoni. "Hiyo upanga italipa." Nikamwambia ni sponji. Akaubonyeza, ukabonyea, akacheka sana, lakini bei haikushuka. "Sponji ama chuma, inakaa kiti." Nikalipia viti viwili. Mzee aliyekaa nyuma yangu akaniuliza kwa upole kama haya ni mambo ya kanisa. Sikujua nimjibu nini, nikasema ndiyo.

Mjini nikapanda ya Kangemi, na huko bahati ikageuka. Dereva akasema nikae mbele, tukipata jam apigwe picha na mimi. Nikashuka Westlands kama mheshimiwa. Halafu nikaingia ukumbini na kukuta watu sita wamevaa kama mimi. Sita! Mmoja alikuwa na miaka kama tisa hivi, na upanga wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Babake seremala.

Haya, tiririkeni.

Mama Wawili

Mimi sikuvaa chochote, nilikwenda kumsindikiza mwanangu wa miaka 13. Kwa siku ananipa maneno matano, na mawili kati ya hayo ni "sijui." Nikabeba kitabu, maji na chapati nne, nikijua nitakaa kwenye ngazi hadi jioni.

Tulipita kwanza sehemu ya michezo ya video, kelele tupu, nikaumwa kichwa. Halafu tukafika kwenye meza za wachoraji. Hapo nilisimama. Vijana wadogo kabisa wanachora kwa mkono wao, wanauza vitabu vyao, hadithi ya Nairobi yenyewe, na mbwa wa mtaani na tangi la maji juu ya paa. Nikamwambia mwanangu kwamba sisi tulikua na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau kwenye gazeti la Taifa Leo. Baba alikuwa akianzia hapo kabla ya habari, na ole wako uguse gazeti hajamaliza. Mtoto akanitazama kama mtu aliyegundua mamake aliwahi kuwa na akili. Akaniuliza, "Huyo Juha Kalulu alikuwa na nguvu gani?"

Nikamwambia nguvu zake zilikuwa ujinga.

Akafikiria kidogo, akasema, "Hiyo ni kali." Tangu hapo akanieleza kila vazi lililopita, nani ni nani, nani alimuua ndugu yake na kwa nini alikuwa na sababu. Nilielewa kama robo. Kitabu sikukifungua.

Mchora wa Meza ya Pembeni

Mama, asante kwa kusimama. Niseme ya upande wa pili wa meza, maana wengi mnatuona tumekaa mkafikiri tumepumzika.

Mimi nilijifunza kuchora kwa kunakili jarida la katuni la Shujaaz. Lilipoanza 2010 lilikuwa linagawiwa bure, ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, na wakala wa mtaani kwetu alikuwa ananiwekea nakala kila toleo. Kwa hiyo kichwani mwangu katuni ni kitu cha Kiswahili na Sheng, cha watu wanaopanda matatu. Nikachora yangu ya kurasa 24 kuhusu msichana wa Dandora anayesikia mabomba ya maji yakiongea. Miezi minane. Nikachapisha nakala 60 kule mjini, nikalipia meza nusu na rafiki yangu.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza rafiki akanishauri nichapishe pia picha za wahusika wa anime, zile katuni za Kijapani, wale wanaojulikana, "ili urudishe pesa ya meza." Nikafanya hivyo shingo upande. Matokeo ya siku mbili: picha za anime 73, kitabu changu 9. Na katika hao tisa, wawili ni dada zangu.

Mtu anakuja, anashika kitabu, anauliza, "Huyu ni nani?" Namwambia ni wangu, nimemtunga. "Aah." Anakirudisha taratibu, kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake kimakosa. Si dharau. Amekuja kutafuta kitu anachokipenda tayari, na mtu hawezi kupenda asichokijua kwa sekunde kumi na tano, akiwa amebanwa na umati. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba zile 73 si zangu. Wahusika wana wenyewe huko Japani, mimi nimekopa sura zao nilipe meza. Kila mchoraji pale anajua hivyo, na hatusemi.

Jambo la vitendo kwa wanaopanga kuuza: beba chenji. Saa nane mchana, ukumbi ukijaa, simu hazishiki mtandao, malipo hayapiti, na mteja anakwambia "nitarudi." Hajawahi kurudi mtu.

Wale saba wasio dada zangu, mmoja alinitafuta baada ya wiki tatu kuuliza toleo la pili linatoka lini. Ndilo ninalochora sasa hivi.

Mpita Njia

Watu wazima na mawigi ya bluu mchana kweupe. Kwisha sisi.

Mleta uzi

@Mpita Njia, na wewe Jumamosi huvai jezi ya timu ya London yenye jina la mtu mwingine mgongoni?

Mpita Njia

Hiyo ni tofauti.

Mama Wawili

Tofauti ni wigi.

Binti wa Kisauni

Assalam alaykum nyote. Mimi hutoka Mombasa na huvaa kosplei na hijabu yangu. Wasiojua: hijabu yenyewe ndiyo huwa nywele. Mhusika ana nywele za waridi, nami natafuta kitambaa cha waridi, nakipinda na kukibana kwa pini mpaka kipate umbo lake, na kama ana pembe au masikio yanashonewa juu. Fundi wangu wa Majengo sasa ashazoea, haulizi tena. Mamangu aliponiona mara ya kwanza, na ngao mkononi, aliuliza, "Wenda harusini au wenda vitani?"

Nilipanda treni ya asubuhi kutoka Miritini. Mliowahi kuipanda mwajua, mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa hupita kunusa. Mbwa alifika kwenye begi langu, akanusa, akapiga chafya, akanusa tena. Roho ilinitoka. Ilikuwa ile gundi. Askari akanifungulisha, akatoa ngao, akatoa masikio ya paka, akatoa mkia. Mstari mzima wanatazama. Akavirudisha mwenyewe kimoja kimoja, amevikunja vizuri kuliko nilivyokunja mimi.

Ukumbini kulikuwa kuzuri, siwezi kusema uongo. Wasichana watatu wenye hijabu walinijia, tukapiga picha, mpaka leo tuna kundi letu. Lakini niseme na hili. Mchana kijana mmoja, hata simjui, alinijia kwa nyuma akatia vidole chini ya hijabu yangu kuona kama kuna nywele. Alikuwa acheka, mwenzake arikodi. Nilipigwa na butwaa, ulimi haukutoka. Aliyenitetea ni mtu aliyevaa roboti la maboksi, kubwa, hata kuinama hawezi, sura yake sikuiona. Alijiweka tu kati yetu akasema kwa sauti, "Mtu ukitaka picha waomba. Kushika hushiki." Wakaondoka. Yule roboti nilimtafuta jioni nimshukuru, nikakuta maboksi yamevuliwa yamesimamishwa ukutani, mwenyewe hayupo.

Siku hizi naenda na binamu yangu. Kazi yake ni kubeba begi na kukunja uso.

Mleta uzi

Pole sana dada. Na wanaume tusome hapo mara mbili.

Mbongo wa Arusha

Wakuu, mimi nilitoka Arusha na basi dogo la alfajiri. Vazi langu ni la kivita, kifua, mabega, magoti, yote ya povu lililopakwa rangi ya shaba, ndani ya begi la shangazi kaja. Mpakani afisa mmoja akafungua.

"Hizi bidhaa unapeleka kumuuzia nani?"
"Siyo bidhaa mkuu, ni nguo."
"Nguo ya nani?"
"Yangu."
"Haya vaa tuone."

Ndugu zangu, nilivaa. Saa tatu asubuhi, foleni ya watu, mama wa Kimasai na shanga zake ananitazama, mimi namtazama. Nikafunga mpaka goti la mwisho. Afisa akanizunguka, akagonga kifua kwa kidole, akasema, "Kumbe inakutosha," akanipisha. Nikaona uvivu kuvua, nikasafiri hivyohivyo mpaka Nairobi. Jasho lake sielezi.

Kilichonisumbua nikiwa kule ni hiki. Nilizunguka ukumbi mzima natafuta mtu aliyevaa mhusika wetu. Sisi tuna gazeti la katuni la SANI, jina lenyewe ni Saidi na Nico walioliunda. Tuna wahusika wake, Madenge, Lodi Lofa, Komredi Kipepe, Ndumilakuwili. Watu wa umri wangu waliyasoma yale magazeti mpaka yakachanika, moja linazunguka darasa zima. Hakuna hata mmoja aliyevaliwa. Na mimi mwenyewe niliyekuwa nalalamika nilikuwa nimevaa Mjapani! Kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mchora wa Meza ya Pembeni

Mkuu njoo na Madenge mwakani, nakupa kitabu bure. Wa kumi huyo.

Kinda

Mimi naomba msaada kidogo. Nilipuliza rangi ya kopo kwenye kofia yangu usiku wa mwisho, ikayeyuka. Kofia ya kuigiza chuma ikawa kama uji. Nikaenda na fulana tu.

Fundi wa Povu

Kinda, ulitumia lile povu jeupe la kwenye maboksi ya TV. Rangi ya kopo inalila. Tumia povu la mikeka, ndilo linalovumilia. Na usipake rangi moja kwa moja: lipashe kwanza kwa mashine ya hewa moto ya mafundi (heat gun), uso wake ufunge, kisha paka gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke. Usipofanya hivyo rangi itapasuka ukikunja kiwiko. Gundi ya viatu paka pande zote mbili, subiri ishike kidoleni bila kuvuta, ndipo ugandishe. Ukikosea hapo hakuna kubandua.

Binti wa Kisauni

Na joto la Mombasa je? Ngao yangu ilifunguka nikiwa bado sijafika stesheni.

Fundi wa Povu

Hukusubiri gundi. Na usiiache juani ndani ya gari, hata ukiwa umesubiri.

Mama Wawili

"Kodi ni tarehe tano." Nimecheka hadi mtoto ameamka.

Mleta uzi

Nililipa tarehe tisa. Upanga ulikuwa umemaliza hela.