Kikundi cha Nyumba ya Ngamiani: Hedifoni za Jumamosi

Shangazi Mdogo, 2:10 asubuhi
Assalaam alaykum nyote. Bibi, shikamoo. Nakumbusha tena kuhusu Jumamosi. Tutazifungua zile hedifoni za Fostex T50RP alizotuletea Kaka wa Muscat na kutuliza mvumo ulio ndani ya vikombe vyake, kisha ndipo Kitinda aanze kusafisha rekodi za tenzi za Bibi. Tukisafisha kwa hedifoni zinazovuma kama debe, tutapunguza sauti yake ya kifuani tukidhani ni kasoro ya rekodi, na wajukuu watakaosikiliza baadaye watamsikia mtu mwembamba ambaye siye yeye. Naomba kila mtu ajibu kabla ya adhuhuri, aseme ataleta nini.

Mama Pacha, 2:52 asubuhi
Waalaykum salaam. Nimeona, Wifi. Ni saa ngapi?

Shangazi Mdogo, 2:53 asubuhi
Baada ya alasiri, sebuleni kwa Bibi, kwa kuwa ndiyo meza pekee yenye mwanga wa kutosha. Wengine je? Naona watu wameusoma ujumbe na wamenyamaza.

Kitinda, 3:40 asubuhi
Shikamoo Shangazi. Mimi nipo. Ila naomba unieleze jambo moja, kwa sababu nilidhani hedifoni ikivuma ni spika yake imechoka.

Shangazi Mdogo, 3:49 asubuhi
Marahaba mwanangu. Spika yake ni nzima. Hedifoni hizi zina utando bapa, mwembamba sana, uliowekwa kati ya sumaku, na utando huo ukitikisika hutoa sauti mbele, kuelekea sikioni, na nyuma, kuelekea kwenye kikombe cha plastiki. Sauti ya nyuma hugonga plastiki, hurudi ikiwa imechelewa kidogo, kisha hujichanganya na ile ya mbele, ndiyo maana baadhi ya sauti huzidi na nyingine hufifia. Aidha, plastiki yenyewe hutetemeka. Hayo ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Mtetemo wa plastiki hutulizwa kwa kitu kizito kinachonata, kama plastisini ya watoto au utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata, wenye karatasi ya alumini. Sauti inayorudi hufyonzwa na kitu chenye nyuzinyuzi, yaani pamba, usufi, au sufu iliyoshindiliwa, ile inayobandikwa chini ya miguu ya viti isikwaruze sakafu. Ligonge kava la nyuma kwa ukucha leo ulisikie linavyolia, kisha uligonge tena Jumamosi tukishapaka plastisini.

Mjomba, 5:15 asubuhi
Salaam. Mimi nina kipande cha sponji ya godoro. Shindilieni vikombe vyote viwili mpaka vijae, na ile mashine ya kusaga ya jirani hamtaisikia tena.

Shangazi Mdogo, 5:18 asubuhi
Kaka, nashukuru, lakini hapana. Kujaza kikombe hakuzuii mashine. Kelele ya nje huingia zaidi pale ambapo mto wa sikio haukukaa sawasawa kichwani, hususan kwa mwenye miwani, na mngurumo mzito wa mashine ni mgumu kuuzuia hata kwa mito mizuri. Tena kikombe kikishindiliwa, sauti hukosa uhai na besi hubadilika, kwa kuwa vile vitundu vidogo vya kikombe vimewekwa ili hewa ipite. Pamba iwekwe kidogo, ikiwa imechambuliwa, bila kubanwa na bila kuziba vitundu.

Mjomba, 5:20 asubuhi
Basi pamba itakayobaki mnitie mimi masikioni siku mnapozungumza nyote kwa pamoja.

Mama Pacha, 5:21 asubuhi
Hahaha! Shemeji, wewe pamba haikutoshi, wewe unahitaji godoro zima.

Binamu wa Korogwe, 5:30 asubuhi
Nimecheka peke yangu ndani ya daladala. Mashine ile inasaga mpaka usiku siku hizi?

Shangazi Mdogo, 5:34 asubuhi
Jamani, turudi kwenye kazi. Tena jambo la kelele si la mzaha, kwa kuwa Kitinda akiongeza sauti ili kuishinda mashine, masikio yake ndiyo yatakayolipa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki akisikiliza kwa desibeli 80, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupungua kwa nusu. Mito mipya minene ya ngozi itamsaidia kuliko sponji yoyote, ingawa nayo itabadilisha sauti, hivyo ivalishwe kwanza kabla hatujagusa pamba.

Kaka wa Muscat, 7:05 mchana
Shikamoo Bibi, salaam kwenu nyote. Mito nimekwisha kuinunua na nitampa mtu anayesafiri. Msidhani kwamba Dada anawapotosha. Dan Clark wa Marekani alianza kwa kuzirekebisha hizihizi T50RP kabla hajatengeneza hedifoni zake mwenyewe, na kampuni ya ZMF ya Chicago nayo ilianzia hapohapo. Ombi langu ni moja tu, nalo ni kwamba gundi asiishike Mjomba. Yaliyoipata redio sote twayakumbuka.

Mjomba, 7:09 mchana
Redio haikuuawa na gundi yangu. Nililisema hilo siku ileile, mbele ya marehemu, na nalisema tena leo. Nani aliyechukua ile skrubu ndefu? Waulizeni waliokuwa na haraka ya kwenda mpirani.

Kaka wa Muscat, 7:11 mchana
Mimi nilikuwa mtoto, Mjomba.

Mjomba, 7:11 mchana
Mtoto mwenye mikono.

Shangazi Mdogo, 7:15 mchana
Tafadhalini sana. Gundi haitatumika kabisa, na asiishike mtu yeyote. Plastisini inabandukika, utepe wa karatasi unabandukika, na sponji nyembamba zilizotoka kiwandani tutazihifadhi ndani ya bahasha ili tuweze kurudi tulikotoka. Tuepuke tu ule utepe mweusi wa lami wa kuzibia paa, kwa kuwa kwa joto la Tanga utalainika na kunuka karibu na pua ya mtu.

Bibi (anaandikiwa na Kitinda), 10:30 jioni
Marahaba wanangu. Nimesomewa yote. Redio ya baba yenu ilikaa wazi juu ya meza ile mpaka vumbi likaizika. Aliyeifungua sikumlaumu. Nilichoumia ni kwamba kila mmoja wenu alipita pale, akaitazama, na hakuna aliyeketi. Jumamosi mtafungua upande mmoja tu. Ukishafungwa na ukalia vizuri, ndipo muufungue wa pili. Na anayekuja aje kuketi.

Mjomba, 11:20 jioni
Nimekusikia, Mama.

Kaka wa Muscat, 11:24 jioni
Nimekusikia Bibi. Mjomba, niwie radhi.

Shangazi Mdogo, 1:05 usiku
Ahsante Bibi. Tena ndivyo kazi hii inavyopaswa kufanywa. Tutarekebisha kikombe cha kushoto pekee, kisha tutacheza rekodi moja ya Bibi kwa sauti ileile pande zote mbili, na kila mtu atavaa na kusikiliza kushoto na kulia kwa zamu. Tukipendezwa na kushoto, tutapima plastisini na pamba kwa mizani ili kulia kupate uzito uleule, kwa sababu pande zikitofautiana sauti haitakaa katikati ya kichwa. Hadhari ni moja tu. Sumaku zile ni kali na utando ni mwepisi mno, kwa hiyo bisibisi ikivutwa imeutoboa, na chembe ya chuma ikiingia haitoki kwa kupulizwa. Kwa hiyo bado tunahitaji plastisini, pamba safi, sufu na mizani ndogo. Nani ana nini?

Mama Pacha, 1:40 usiku
Plastisini ya pacha ipo, ila imechanganyika rangi. Lakini Jumamosi hiyo kuna arusi kwa kina Mwalimu, na nimekwisha kuahidi kupika. Haiwezekani iwe Jumapili?

Binamu wa Korogwe, 1:58 usiku
Jumapili mimi siwezi. Mizani kuna sonara ninayemfahamu, nitamuomba, lakini siahidi.

Mjomba, 2:15 usiku
Usufi upo kwenye mto wangu wa zamani. Nitauchambua mwenyewe, na nitakuja mapema, iwe Jumamosi au Jumapili.

Shangazi Mdogo, 2:20 usiku
Basi iwe Jumamosi kwa upande wa kushoto, na upande wa kulia tutapanga mito ikishafika, maana mito ndiyo niliyosema itangulie na sasa naona haitawahi. Kaka wa Muscat, huyo msafiri anaondoka lini? Na ile sufu bado hakuna aliyeitaja. Kitinda, nipigie picha ncha za bisibisi zilizopo kabatini.