Mrejesho: yale madai yangu ya fidia yaliyokataliwa

Wakuu nimerudi. Mimi ndo yule niliyeumia mgongo nikishusha mzigo kazini, madai yakapigwa chini eti mgongo ulikuwa mbovu tangu zamani.

Basi nikafanya mlivyoniambia, nikaomba sababu kwa maandishi na nakala ya faili lote, aisee humo nikakuta madudu, fomu ya ajali bosi kajaza tarehe ya wiki mbili mbele, yaani inaonekana nilitibiwa kabla sijaumia! Nikapeleka cheti cha hospitali cha siku ile ile niliyoumia na meseji niliyomtumia msimamizi, na jamaa niliyekuwa naye zamu akaandika maelezo akasaini. Daktari nilimsumbua kweli, barua ya kwanza aliandika tu "anaumwa mgongo", nikamrudia mpaka akaandika wazi kwamba hata kama tatizo lilikuwepo, kunyanyua ule mzigo ndo kumelizidisha. Nadhani hiyo sentensi ndo iliyobeba kesi.

Rufaa nimeiwasilisha zimebaki siku 3 muda wa kukata rufaa uishe (nilizembea, msinicheke). Jana watu wa fidia wamejibu, matibabu na mshahara wa siku nilizokaa nyumbani wamekubali, ila asilimia ya ulemavu (yaani mgongo umeharibika kiasi gani) bado tunavutana, wameniita nikapimwe upya.