Mazda MX-5 ya 1991: gia mbili inasaga asubuhi, nifungue giaboksi?

Wakuu, ni giaboksi ya spidi 5. Ikiwa ya baridi gia mbili inasaga, ikipata moto inaingia vizuri. Tatu haina neno. Nianzie wapi?

Jibu 1
Mkuu, anza na klachi. Gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), kama hata rivasi inasaga, klachi haiachii. Kagua silinda ya chini ya klachi, kuvuja ndio ugonjwa wa gari hizi. Ikiwa nzima, mwaga oili ya giaboksi, weka lita 2 za 75W-90 (uzito wa oili) GL-4 (daraja lake). GL-5 achana nayo: utelezi wake unazuia ringi ya shaba ya sinkronaiza (inayosawazisha spidi kabla gia haijaingia) kushika koni ya gia.

Jibu 2
Ikiendelea, fungua. Kandamiza ringi ya sinkronaiza kwa mkono kwenye koni ya gia, pitisha fila geji (bati nyembamba za kupimia nafasi) kati yake na gia, kuzunguka pande zote. Ringi mpya huacha nafasi ya 1.5 mm, chini ya 0.8 mm, tupa. Angalia sana meno ya slivu (pete inayoteleza kufunga gia): ncha zikishakuwa butu, ringi mpya utaipoteza bure. Ukichomoa foku (uma unaosukuma slivu) funika kwa kitambaa, vigololi na springi huruka.

Muulizaji
Beringi je?

Jibu 2
Badilisha zote, na sili. Kikombe cha chini ya lever kina oili yake peke yake, wengi hukisahau.