Bakuli la mbwa mkubwa: liinuliwe au likae sakafuni?

Mfuga Jitu
Ndugu wafugaji, ninaomba ushauri wenu. Nina mbwa dume wa aina ya Great Dane ambaye ametimiza miezi kumi na ana uzito wa kilo 48. Bakuli la plastiki nililomnunulia alipokuwa mdogo halimtoshi tena, na kila anapokula hulisukuma kwa pua kutoka ukutani hadi mlangoni, nami nikilifuata kama refa afuatavyo mpira. Nimeshauriwa ninunue meza ndogo yenye matundu ya kuwekea bakuli, kwa hoja kwamba mbwa mrefu akiinama sana humeza hewa. Mtu mwingine akanionya kwamba meza hiyo hiyo ni hatari kwa tumbo lake. Isitoshe, chakula chake kikavu hukimaliza kabla dakika moja haijatimia. Je, ninunue bakuli la aina gani, la ukubwa gani, na liwekwe wapi?

Tabibu wa Wanyama
Nitaanza na suala la meza, kwa kuwa linahusu uhai wake. Mbwa wenye kifua kirefu kama wako huweza kupatwa na hali ambayo tumbo hujaa gesi kisha likajipinda, likafunga njia ya kuingilia na ya kutokea, na damu ikashindwa kupita. Asipofanyiwa upasuaji haraka, hufa. Kwa miaka mingi wafugaji waliambiwa kwamba kuinua bakuli ni kinga. Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia mbwa 1,637 wa aina 11 kubwa, wakaona kinyume chake: waliolishwa kwenye bakuli lililoinuliwa ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Kula kwa pupa, umri mkubwa na kuwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyewahi kuugua navyo vilihusishwa na hatari hiyo. Ni kweli kwamba utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano tu na hauthibitishi kwamba kimo ndicho chanzo, lakini sioni sababu ya kumwinulia bakuli mbwa kijana mwenye shingo nzima. Ninaowainulia ni wale wenye maumivu ya viungo vya shingo au ya miguu ya mbele, na wale ambao umio wao umelegea na hauteremshi chakula.

Ukimwona anajaribu kutapika bila kutoa kitu, tumbo limevimba na hatulii, usingoje hadi asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Bakuli Zito
Kuhusu bakuli lenyewe, achana na plastiki. Mikwaruzo ya meno huhifadhi utelezi wa bakteria ambao sabuni haiufikii vizuri, na mbwa mwenye taya kubwa huweza kung'oa kipande na kukimeza. Chuma cha pua, yaani kile kisichoshika kutu, ndicho kinachodumu, ila chagua chenye kitako kipana na pete ya mpira chini, kwa sababu chepesi kitatembea vilevile. Bakuli la kauri ni zito na halisogei, lakini likipata ufa au kumeguka litupwe. Wapo pia mbwa wanaoogopa mlio wa kidani cha ukosi kikigonga chuma. Wangu alikataa kula siku mbili hadi nilipoanza kumvua ukosi wakati wa chakula.

Ukubwa usiupime kwa kimo cha mbwa, bali kwa kiasi cha mlo wake na upana wa pua yake, ambayo inapaswa kufika chini bila kubanwa. Bakuli la maji ndilo linalosahaulika. Mbwa huhitaji takribani mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo wako atahitaji kati ya lita 2.4 na 2.9, na zaidi wakati wa joto. Mtafutie la lita tatu, nawe ulioshe kila siku.

Mlo wa Polepole
Kwa ile pupa, yapo mabakuli yenye vizuizi ndani vinavyomlazimu mbwa achokoe punje chache kwa wakati mmoja. Hakikisha nafasi kati ya vizuizi ni pana, kwani mengi yametengenezwa kwa pua ndogo, na mbwa wangu, alipokosa chakula, alianza kutafuna vizuizi vyenyewe. Hatimaye nilikitandaza chakula kwenye sinia pana lenye kingo na kukigawa katika milo mitatu. Hakuna aliyeniuzia chochote, na sasa hula kwa dakika saba.

Mfuga Jitu
Nimewaelewa, na ninawashukuru. Nimempigia simu mfugaji aliyeniuzia, naye akasema kwamba mama wa mbwa huyu aliwahi kupasuliwa kwa sababu ya tumbo lililojipinda. Meza sitainunua.

Tabibu wa Wanyama
Kama ni hivyo, zungumza na daktari wako kuhusu upasuaji wa kinga ambao tumbo hushonewa kwenye ukuta wa mwili ili lisiweze kujipinda. Mara nyingi hufanywa siku hiyo hiyo mbwa anapohasiwa.